Jino la Sajini Kapinga Laripoti Kambini

Jana mchana Koplo Fidelis Haulle aliota akiwa ameketi, kalamu mkononi.

Ilikuwa siku ya tatu ya kukagua meno ya kikosi kizima. Kapteni Stumai, daktari wa meno, alichungulia vinywa na kutamka, "Zima. Limeoza. Halipo," naye Haulle akaandika kwenye fomu. Wa mwisho kabla ya mapumziko alikuwa Sajini Kapinga, ambaye jino lake la mbele lilioza likang'olewa. Zamani kicheko chake kilisikika hadi getini. Siku hizi alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kofia, na Jumamosi ndiyo alikuwa anamwoza binti yake.

Daktari alikwenda kula. Haulle akasinzia.

Mara mlango unafunguka, anaingia mswaki mwenye cheo cha meja. Haulle anasimama, anapiga saluti. Meja anasoma fomu.

"Koplo, meno mia mbili na kumi na manne hayapo. Askari asiyekuwepo bila ruhusa anaitwaje?"

"Mtoro, afande."

"Kayakamate."

Haulle akachukua pingu ndogo kuliko zote, akatoka. Nje palikuwa na shamba la kahawa, ingawa asubuhi palikuwa na uwanja wa gwaride. Katikati ya mibuni, meno yote yalikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mwalimu wao alikuwa jino la mbele la Sajini Kapinga, limevaa tai.

"Mko chini ya ulinzi," alisema Haulle. "Mlitoroka."

"Hatukutoroka. Tuling'olewa," jino lilijibu kwa upole.

"Tofauti ni nini?"

"Mtoro huondoka kwa hiari yake. Mimi niliondoka saa nne asubuhi, nimebanwa na koleo, mwenyewe akilia. Miaka thelathini nilioga chai ya sukari vijiko sita, sikulalamika. Nilipouma wiki moja tu, nikafukuzwa kazi."

Haulle aliona aibu, akarudisha pingu mfukoni.

"Sajini hajambo?" jino liliuliza. "Bado anacheka?"

"Anachekea ndani ya kofia."

 Jino linavua tai.

"Narudi. Ila mswaki uingie zamu asubuhi na jioni, na sukari ipunguzwe."

"Mswaki mwenyewe ni meja," alisema Haulle. "Zamu hakosi."

Basi wakafunga safari, kushoto, kulia, magego yakiimba besi, kila jino likishika njia ya kinywa chake. Sajini anafungua mdomo. Jino linapiga saluti, linaingia, linageuka nyuma, linasimama wima. Sajini anacheka, na mabati ya bwalo yanapiga makofi.

Kicheko hicho ndicho kilichomwamsha Haulle, na alipofumbua macho kilikuwa bado hakijakoma. Sajini Kapinga alikuwa kwenye kiti cha daktari, mdomo wazi, kofia imeanguka sakafuni. Kapteni Stumai alimwinamia na kioo chake kidogo, akihesabu kwa mara ya pili.

"Thelathini na mawili," alisema. "Koplo, futa 'halipo'. Andika 'lipo'."

Haulle akafuta, akaandika. "Kuna maelezo mengine, afande?"

Daktari alilipangusa lile jino kwa pamba, akaitazama pamba kwa muda.

"Andika lina vumbi," alisema. "Kama lililotembea kwa miguu."