Muuza Omena Nyuma ya Stelingi

Je, wewe umewahi kumtazama mtu kwenye sinema mpaka ukahisi na yeye anakutazama? Mimi nimewahi, na haikuwa usiku. Ilikuwa saa nane mchana, siku ya Alhamisi, hapa Malaba, malori yamepanga foleni ya kuvuka na jua linachoma mabati.

Kibanda cha video cha Otukei kiko nyuma ya pale wanapooshea malori. Kina mabenchi sita, moja mguu wake umefungwa kwa mpira wa tyubu, na televisheni kubwa juu ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma. Mlangoni kuna blanketi jeusi la kuzuia mwanga. Otukei hukaa kando ya televisheni na maiki yake. Kazi yake ni kutafsiri. Sinema ikiwa ya Kiganda, ya Kihindi au ya Kichina, yeye hupunguza sauti ya wenyewe na kuweka yake, Kiswahili kilichochanganywa na Kiteso na utani mwingi. Stelingi, yaani mhusika mkuu, akilia, Otukei analia. Adui akicheka, Otukei anacheka. Wengine huja kwa sababu yake tu, hata hawajui sinema inahusu nini.

Benchi la mbele lilikuwa letu watu watatu. Mimi, Akwii, mjane wa Moding, nimekaa hapa na binti yangu mwaka wa nne sasa. Chrispine, fundi wa viatu, ambaye huniita tata, yaani nyanya kwa Kiteso chetu. Na Rosebella, muuza omena, yaani dagaa, Mnyala wa Osieko kule ziwani, mwanamke wa maneno machache na kitambaa safi kichwani kila siku.

Sinema ikiisha tulikuwa hatuondoki. Hapo ndipo raha yetu ilianza. Chrispine alikuwa na watu wake, wale wa kuruka kutoka ghorofani bila kuumia, na tukimwambia haiwezekani anakasirika kama umemtukania ndugu. Mimi nilipenda wanaojua kunyamaza. Mtu akiambiwa mumewe amekufa asipige kelele mara moja, kwanza atafute mahali pa kuweka kikombe. Huyo ndiye anajua kuigiza.

Basi siku hiyo Otukei alileta sinema mpya ya Uganda, ya mke wa dereva wa lori aliyeachwa. Katikati kuna sehemu stelingi amesimama sokoni, anasoma barua, analia. Ilipoisha Chrispine alisema hajaona mwanamke analia vizuri namna hiyo. Mimi nikamwambia yule alilia bila kamasi, na kilio bila kamasi ni mapambo. Mwigizaji wa kweli, nikasema, ni yule muuza omena wa nyuma, kule mbali karibu na mkokoteni. Chrispine akaniuliza muuza omena yupi. Nikamweleza: ana beseni la buluu lililopasuka ukingoni, kilemba cha njano kimefungwa fundo juu ya sikio la kushoto, anageuza omena kwa mkono wa kushoto, halafu anapiga beseni mara mbili na kiganja ili vumbi lishuke. Mikono ile haikuwa inaigiza.

"Tata, wewe unalipa kiingilio kutazama watu wa kupita njia," Chrispine akasema, na watu wa benchi la nyuma wakacheka.

Rosebella hakucheka. Aliniomba nirudie habari ya kupiga beseni. Nikarudia. Akainuka akatoka, hata buriani hakusema.

Kesho yake alinikuta ninachambua maharagwe, akaketi, akanieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu wa huku. Alikuwa na binti, kifungua mimba wake, jina lake Edinah. Miaka minane iliyopita Edinah alipanda boti Osieko kupeleka omena visiwani, boti ikazama. Wengine walipatikana. Yeye hakupatikana. Kwao, mtu akipotelea majini na mwili usionekane, wazee hukata mgomba, wanauvalisha nguo ya marehemu, wanauweka kwenye jeneza na kuuzika kama mtu, kwa nyimbo na maombi, ili roho yake itulie. Baada ya hapo jina lake haliitwi tena pale bomani. Na hata kama ni kosa, hata kama alikuwa hai mahali, akirudi hawezi kupita langoni. Ni mtu aliyezikwa.

Rosebella alitaka kungoja. Lakini mdogo wake Edinah alikuwa ameposwa, na wakwe walisema hawaoi kwenye nyumba yenye kifo kisichofungwa. Wazee wakamuuliza mama mara tatu mbele ya watu kama anakubali. Mara ya tatu akatikisa kichwa kukubali. Wakazika.

"Beseni lake alilipiga hivyo hivyo," aliniambia. "Mara mbili. Nilikuwa nikimgombeza kwamba atalipasua."

Nilimwambia wauza omena wote hupiga mabeseni. Akasema ndiyo. Kisha akasema wale wa mkono wa kushoto si wote.

Alhamisi iliyofuata tulimwomba Otukei arudie ile sinema. Alinung'unika kwamba watu wanataka mapya, lakini kwa ajili yetu akaweka. Ilipofika pale sokoni nilishika goti la Rosebella. Muuza omena hakuwa karibu na mkokoteni. Alikuwa amesogea. Sasa alikuwa nyuma tu ya bega la stelingi, beseni la buluu linaonekana lote, na uso ameuinamisha. Aligeuza omena. Alipiga beseni mara mbili.

Chrispine aliacha kutafuna karanga. Hata yeye sasa alimwona, akaapa juma lililopita hakuwepo. Mimi nikasema alikuwepo, ila mbali. Tukabishana mpaka Otukei akazima maiki na kuuliza kama tunamtafutia ubaya. Flashi yenye sinema ni ileile, alisema, hajaibadilisha, na hawezi kubadilisha kitu ndani ya sinema ya watu. Chrispine, ambaye akitaka jambo hulala nalo, akampigia simu jamaa wa upande wa Uganda aliyeuza ile flashi, na yule jamaa akampa namba ya mtu aliyeshika kamera siku ile. Simu iliwekwa kwa sauti tukasikia sote. Yule mtu alikuwa na haraka na alikuwa anakula. Alisema ile sehemu ya barua hawakuipigia sokoni. Waliipigia kwenye uwanja wa shule, asubuhi, na nyuma ya stelingi palikuwa na ukuta wa bati tu. Akauliza ni soko gani tunaloliona.

Chrispine akakata simu. Nje lori lilipiga honi, ukaingia mlio mrefu kupitia mabati, na mimi nikaanza kuhesabu vifungo vya sweta yangu, ambavyo najua ni vitano.

Nilimshauri Rosebella aache. Nilimwambia kitu kinachokuja hivi hakijulikani kinataka nini. Chrispine naye, ambaye kwenye sinema hupenda mizimu kuliko ugali, alimwambia, "Mama, tumwite padre kwanza." Rosebella akatusikiliza kwa heshima. Kisha akasema anachotaka kujua ni kitu kimoja tu, kama mwanawe amezuiliwa na maji au amezuiliwa na mama yake. Kama ni maji, atatulia. Kama ni yeye, hajui atalalaje tena.

Kwa hiyo Alhamisi ya tatu tulirudi. Otukei alifunga mlango, hakuruhusu wateja, tukawa wanne tu. Alisema ataanzia palepale sokoni na hatatafsiri. Akaweka maiki mezani akakunja mikono kifuani.

Picha ikaja. Stelingi hakuwepo. Nasema kama nilivyoona: barua ilikuwepo, imeanguka chini, lakini mwenyewe hakuwepo. Muuza omena alijaa kwenye kioo kutoka kiunoni kwenda juu. Kilemba kilikuwa kimelowa. Maji yalichuruzika kutoka kwenye lile fundo, yakapita sikioni, yakadondoka kwenye omena. Polepole akainua uso. Alikuwa msichana wa kawaida, mzuri, ana mwanya mdogo wa meno ya juu kama wa Rosebella. Akatazama benchi la mbele. Hakumtazama Chrispine wala mimi. Midomo yake ikaanza kusogea, na televisheni haikutoa sauti.

Sauti ilitoka kwa Otukei.

Hakushika maiki. Mikono yake ilikuwa bado imekunjwa na macho yake yametoka kwa hofu, lakini mdomo ulikuwa unaongea, na ulikuwa unaongea Kinyala. Otukei ni Mteso wa Amagoro. Nimemjua tangu alipokuja hapa, hajui Kinyala hata cha kusalimu. Na sauti haikuwa ile ya kuchekesha watu. Ilikuwa laini, ya mtu aliyechoka kwa kutembea. Neno moja nililijua, mayi, mama. Mengine Rosebella alinifasiria baadaye, lakini hata pale nilielewa, kwa jinsi alivyoyapokea.

"Mayi," ilisema, "nimefika langoni mara nyingi. Wanasema humu hakuna mtu wangu. Wanasema wewe ulikubali."

Otukei akashika koo lake kama mtu aliyepaliwa. Chrispine alikuwa amesimama kwenye blanketi la mlango, hatoki wala harudi. Kwenye kioo yule msichana hakupepesa macho. Alikuwa anangoja kama mtu anavyongoja mteja anayefikiri.

Rosebella akainuka. Akaenda mpaka mezani, akasimama karibu hadi mwanga wa kioo ukaufanya uso wake kuwa wa buluu. Nilitaka kumshika nguo nimvute. Sikumshika. Alivua kilemba chake, akakishika mikononi kama mtu aliye kanisani, na nikaona nywele zake zimekuwa nyeupe zote, kitu ambacho sikukijua. Aliongea Kiswahili, nadhani ili sisi tuwe mashahidi.

"Nilitikisa kichwa kukubali, Edinah. Waliniuliza mara tatu, nikaogopa watu, nikatikisa kichwa. Lakini sikutaka. Sikutaka wakuzike. Nilitaka waache lango wazi. Nilitaka uje nyumbani, mwanangu, ukiwa mzima au ukiwa mfu, nilitaka uje."