Hasira Aliponipanda Mgongoni

Usiku wa kuamkia leo niliota Hasira amenipanda. Simaanishi moyoni. Alinipanda kwa mikono na miguu, kama mtu anavyopanda mparachichi, akafika mabegani, akakaa.

Alikuwa mzee mnene, amevaa suti na miwani.

Tulikuwa kwenye mazoezi ya netiboli. Bupe, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, alikuwa ameangusha pasi yangu. Hilo lilitokea kweli jana, nikiwa macho: nilimwambia mbele ya timu nzima kwamba ana mikono ya sabuni, akaondoka analia. Na fainali ni Jumamosi.

Kwenye ndoto mikono yake ni ya sabuni kweli. Anajifuta machozi, povu linatoka, vidole vinapungua. Anaelekea mlimani.

"Mfokee tena," Hasira ananiambia sikioni. "Bado ana vidole sita."

Nikaamua kuhesabu hadi kumi, kama kocha anavyotufundisha. Namba zikaja, zikapanga foleni. Saba alichelewa. Tulipokuwa tunamsubiri, Hasira aliongezeka kilo tano.

Mpira ukakohoa. "Dada Sekela, usinirushe ukiwa hivyo. Mkimbize kwanza huyo mzee."

"Nitamkimbizaje, naye yuko mgongoni?"

"Kimbia wewe. Miguu unayo, nguvu anazo yeye."

Nakimbia. Mlima ni mkali. Hasira ananipiga visigino mbavuni, nami badala ya kugombana naye naongeza hatua. Hakuna kocha aliyewahi kunisukuma hivyo. Mwinuko wa kwanza, analegeza tai. Wa pili, anahema kuliko mimi. Karibu na kilele, uzito wake ni kama kikapu cha mboga.

"Binti yangu," anasema, "kwani hatupumziki?"

"Bado, mzee."

Kileleni palikuwa jikoni kwa akina Bupe. Hasira akashuka mwenyewe, akaomba maji ya kunywa. Bupe alikuwa amekaa kwenye kigoda, amebakiza kidole gumba kimoja.

Nilijikuta mwepesi na sina pa kujificha.

"Bupe, ile pasi niliirusha vibaya mimi. Niliona aibu, nikakutupia wewe lawama. Nisamehe."

Akaniangalia. Kidole cha pili kikachomoza.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Nilimwambia hata ya mwaka juzi, ambayo hakuwa akiyajua. Vidole viliota kimoja kimoja mpaka vikatimia. Cha mwisho kilitaka nirudie kwa sauti.

Niliamka nimelowa jasho, miguu inauma. Nikachukua simu nimwombe Bupe msamaha, nikakuta yeye ameniwahi kwa ujumbe:

"Yameisha, dada. Tukutane mazoezini saa kumi. Ila pitia kwanza hapa nyumbani, yule mzee wako kasahau miwani jikoni."