Kitambaa cha Ndani ya Mshono

Fundi cherehani mmoja alikuwa na mkono mzuri na mdomo mbaya. Si mdomo wa matusi, la. Hata sindano ilipomchoma hakuna aliyemsikia akitukana. Ubaya wake ulikuwa neno moja tu: kesho. Ukimuuliza gauni lako limefikia wapi, kesho. Sare ya mtoto wa shule, kesho, tena asubuhi. Kitambaa chenyewe kingali ndani ya mfuko kama kilivyoletwa, naye anakutazama kwa upole wote wa dunia na kukwambia zimebaki vifungo tu. Mtaani walimwita Fundi Kesho, na walishauriana kwamba anayetaka nguo ya Krismasi ampelekee kitambaa Pasaka.

Na alikuwa mtu wa kanisani, ndiyo ajabu yake. Jumapili hakosi, benchi la pili kushoto, yeye na mkewe. Lakini tusimhukumu upesi. Hakudanganya ili apate kitu. Alidanganya kwa sababu hakuweza kuvumilia kuona uso wa mtu ukinuna mbele ya cherehani yake. Kila kesho ilikuwa kama pipi anayopewa mtoto ili anyamaze.

Jumapili moja mchungaji alihubiri juu ya lile fundisho la Yesu kwamba ndiyo ya mtu iwe ndiyo kweli, na siyo yake iwe siyo. Hakumtaja mtu. Hakuwa na haja, maana nusu ya kanisa iligeuza shingo kutazama benchi la pili kushoto, na mzee mmoja wa nyuma akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aibu ilipopoa, neno lenyewe lilibaki likimkereketa, na walipofika nyumbani akamwambia mkewe kwamba kuanzia kesho hadanganyi mtu tena. Mkewe aliposikia hiyo "kuanzia kesho" alienda zake jikoni kucheka.

Jumatatu kweli akaanza. Mwalimu aliyekuja kuulizia sketi yake aliambiwa wiki tatu, akaduwaa, akauliza kama fundi anaumwa. Mwingine aliambiwa kitambaa chake hakijaguswa, akakichukua na kuondoka nacho bila kuaga. Fundi aliumia kidogo, lakini kufikia jioni alijisikia mwepesi kuliko alivyowahi kuwa. Akaipenda ile siyo. Unaisema, mtu anakwenda, unarudi kwenye kazi yako. Hatari ilikuwa hapo hapo, ila mwenyewe hakuiona.

Jumanne saa nne asubuhi akaingia mke wa dereva wa lori na suti nyeusi mkononi. Fundi aliijua suti ile. Aliishona mwenyewe miaka sita iliyopita, na alikumbuka jinsi alivyohangaika na kitambi cha dereva, na jinsi dereva alivyocheka akisema tumbo hilo ndilo linaloshika usukani yeye akipumzika. Yule mama akasema anaomba suti ipunguzwe, inatakiwa Jumamosi, binti yao anaolewa. Fundi hakuinua hata mguu kwenye cherehani. Majoho ya kwaya ishirini na mawili yalitakiwa Jumapili, na safari hii aliahidi akiwa na nia ya kutimiza.

"Nisikudanganye, shemeji," akasema. "Haiwezekani."

Mama yule alifungua mdomo kusema jambo, akaufunga. Akaikunja suti taratibu, akashukuru, akatoka.

Wakati wa chakula cha mchana fundi alimsimulia mkewe, na hakuficha kwamba alijiona amefanya vizuri: zamani angeipokea ile suti na kumzungusha mtu mpaka siku ya harusi. Mkewe akaweka kijiko chini. Akauliza suti ilitakiwa ipunguzwe kiasi gani. Fundi hakujua. Hakuuliza.

"Mtu mwenye tumbo lile suti yake ipunguzwe, na wewe hukuuliza imekuwaje?" mkewe akasema. "Ametoka hospitali wiki ya pili sasa. Nilikwambia twende tukamwone. Ulisema kesho."

Fundi akaacha kutafuna.

"Zamani ulikuwa unawadanganya watu kwa huruma, baba watoto. Sasa unawaambia kweli bila huruma. Hiyo ya pili sijui kama Yesu ndiye aliyekutuma."

Maneno yale yalimwingia. Chakula kikamshinda, akanawa mikono na kuvaa viatu. Hakwenda moja kwa moja kwa dereva, kwa kuwa alijua kichwani mwake hesabu ya siku: suti na majoho yote havikai katika wiki moja, na mtu mwenye mikono miwili hawezi kuahidi ya mtu mwenye minne. Akaanza kwa kiongozi wa kwaya, mwanamke mwenye duka la vyombo na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Akamwambia kwamba Jumapili atapata majoho kumi na manne, yale manane yatafuata, na akamweleza kwa nini. Kiongozi alimkumbusha kuwa ahadi ni deni. Fundi akakubali kuwa ni deni kweli, ndiyo maana amekuja kusema Jumanne badala ya kujificha Jumapili. Hakusamehewa siku ile. Lakini alipokuwa akitoka alimsikia kiongozi akinung'unika peke yake, akihesabu ni waimbaji gani wanane watakaosimama mstari wa nyuma na majoho ya zamani.

Nyumbani kwa dereva alimkuta yule mama ameitandaza suti mezani, pini tatu mdomoni, anajaribu kuingiza mshono kwa mkono. Mishono ilikwenda upande. Fundi akamwomba msamaha palepale mlangoni, kabla hajakaribishwa kiti, akasema alipaswa kuuliza na hakuuliza. Mama akatoa pini mdomoni, akasema yamekwisha, karibu ndani.

Dereva alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, akamkaribisha. Kama si ile sauti iliyozoea kushindana na injini, fundi angeuliza mwenyewe yuko wapi. Wakamsaidia kusimama na kumvalisha koti, likamning'inia kama liko kwenye henga. Fundi akapiga magoti, akazungusha utepe kiunoni. Akadhani umeteleza, akapima tena. Zamani zilikuwa inchi arobaini na nne. Sasa zilikuwa thelathini na moja. Akaziandika.

"Fundi," dereva akasema, "hicho kitambaa kitakachozidi utakikata, au utakiacha ndani?"

Mke wa dereva akageuka kutazama ukuta. Kila fundi analijua swali hilo, na wateja wengi pia. Nguo ya mtu anayetarajiwa kunenepa haikatwi. Ziada hukunjwa ndani ya mshono ili siku moja ifumuliwe. Nguo ya asiyetarajiwa hukatwa, mshono ulale vizuri. Dereva hakuwa anauliza habari ya kitambaa.

Mdomo wa zamani wa fundi ulikuwa na jibu tayari: utanenepa tu, kaka, mwezi ujao utaniletea niiachie. Mdomo wake mpya nao ulikuwa na lake, kwamba inchi kumi na tatu zikikunjwa ndani zitavimba, na kazi safi inataka mkasi. Akiwa bado amepiga magoti, utepe mkononi, aliogopa yote mawili.

"Sijui, kaka," akasema. "Sijui kama utakihitaji. Lakini mkasi sitautia. Nitakikunja chote ndani na kukilaza kwa pasi mpaka kisionekane. Na ukiniita siku yoyote nije kukifumua, nitakuja siku hiyohiyo."

Machozi yalimtoka dereva, naye hakuyafuta.

"Wewe ni mtu wa kwanza tangu nitoke hospitali kuniambia hajui," akasema mwishowe. "Wengine wote wanajua. Wananiambia nitapona, halafu wanatazama saa."

Mkewe akaja akasimama karibu naye, akamshika kiganja. Akauliza, kwa sauti ya chini, suti itakuwa tayari lini. Fundi akasema Ijumaa saa kumi jioni, ataileta mwenyewe. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyemuuliza mara ya pili.

"Basi pima na mikono," dereva akasema, akaunyosha wa kulia. "Huu ndio atakaoushika binti yangu tukiingia kanisani."

Fundi akaupima mkono ule kuanzia begani mpaka kwenye kifundo. Kisha akaupima tena polepole, ingawa mara ya kwanza alikuwa amepata sawasawa.