Kopo la Mganga wa Mayai

Tangu Bwana Afya alitoboe tundu ubavuni na kusimamisha mshumaa ndani, kopo lile halikuonja tena biskuti. Aliweka yai tunduni, akachungulia: zima liling'aa, bovu lilikuwa jeusi tii. Sokoni wakambandika jina, Mganga wa Mayai.

Sheria ya vyakula ilikuwa bado changa, na leo Bwana Afya alisimama mahakamani na kesi yake ya kwanza. Mkubwa wake alishamwonya: "Ukishindwa, kopo lirudi kwenye biskuti, nawe urudi kufagia machinjio."

Mshtakiwa, Bi Kapu, muuza mayai mwenye ulimi usiojua likizo, aliyatazama mayai sita mabovu yaliyokamatwa ndani ya kapu lake, chini kabisa, kila moja Bwana Afya amelichora msalaba kwa penseli.

"Mheshimiwa, siku huyu anayachukua yalikuwa mazima. Wiki mbili kabatini kwake! Kabati lile, hata yeye akilala humo ataoza."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akakohoa kuficha chake. "Bwana Afya, una jibu?"

Bwana Afya akaligeuzageuza kopo mikononi. Ndipo akakumbuka ugomvi wa nyumbani: wiki mbili mkewe amemnunia, kisa alimtuma mayai akarudi mikono mitupu. Na aliyanunua! Siku ileile ya kuyakamata haya sita, kutoka juu ya kapu lilelile, kisha akayasahau kabatini.

Ofisi ilikuwa ng'ambo ya barabara. Akatoka mbio, akarudi anahema na kifurushi cha mayai.

"Hiki cha nani, mama?"

"Changu hicho!" Bi Kapu akajigamba. "Nani mwingine sokoni anafunga kwa uzi mwekundu?"

"Basi kimelala kabati moja na haya, tangu siku ileile."

Hakimu akaamuru madirisha yafungwe. Mshumaa ukawashwa. Yai la kifurushini: mwanga. La msalaba: giza. La kifurushini: mwanga. La msalaba: giza. Watu wakapanda juu ya mabenchi. Hakimu mwenyewe akaacha kiti, joho linaburuzika.

"Hebu nipishe, baba," Bi Kapu akasema, akainama tunduni. Akanyamaza, jambo ambalo sokoni halijawahi kushuhudiwa. "Kumbe! Nilijua ya chini ni ya zamani kidogo. Sikujua yameoza hivi."

Hukumu: mabovu yafukiwe, na kila yai atakalouza Bi Kapu lipite kwanza koponi, mnunuzi akiona.

Wiki iliyofuata, foleni ndefu kuliko zote ilikuwa kwa Bi Kapu. Kila mtu anataka kuchungulia. Bwana Afya naye alipanga foleni. Ametumwa tena mayai, ila safari hii mkewe amemsindikiza, na kifurushi atakibeba mke mwenyewe.