Chenso Ndani ya Mlingoti

...na sasa kila mtu fundi, hata muuza maandazi ameweka ndoo chini ili mikono ipate nafasi ya kuelekeza, vuta juu, hapana, sukuma chini, itikise kidogo, na Kilian ameshika mkono wa chenso kwa kulia, kiganja cha kushoto amekiweka kwenye gome la mlingoti kana kwamba mti utamwambia jambo, na mti haumwambii jambo, umeikalia mashine yake kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba, ubapa wote umo ndani ya shina, mnyororo umo ndani, nje imebaki injini, mkono, na yeye mwenyewe, na injini imezimwa, na aliyeizima ni yeye, hakuna wa kumsingizia, kengele ya kigangoni ililia saa sita, akazima, akavua kofia ngumu, akasali Malaika wa Bwana palepale alipo, chenso ikiwa ndani ya mti, mti ukiwa umekatwa nusu na zaidi, kama vile yuko shambani kwao Maguu, ambako kengele ikilia jembe husimama, mwanamke aliye kwenye mashimo ya ngolo hunyoosha mgongo, mchuma kahawa huliachia tawi, hakuna anayeuliza kwa nini, ndivyo ulivyokuta watu wakifanya, na jembe ukiliacha kwenye udongo kwa Salamu Maria tatu utalikuta vilevile, udongo haubani jembe, lakini mti... “Mti haujabatizwa, Fundi,” anasema Abdulmalik, na wote wanacheka.

Wanacheka! Abdulmalik ndiye msimamizi wa eneo hili lote linalosafishwa ili lijengwe soko la samaki, mtu wa Mbamba Bay, hawezi kupitwa na utani hata nyumba ikiwaka, “hata mimi naswali, jamani, mnanijua, lakini siswalii kwenye shina,” na Stephano naye anacheka, Stephano mshika shoka, aliyevua kofia pamoja naye, aliyesali kwa sauti kuliko yeye, sasa anacheka kama vile saa sita alikuwa Songea, na Kilian anasema, “Bosi, niache kwanza,” na Abdulmalik anasema, “Nikuache vipi, Mmatengo wewe, katapila linakuja kesho, nilipeleke kuogelea?” na wanacheka tena, nao mwera unavuma, ndio huo, upepo wa kusini, ulianza kwenye Salamu Maria ya pili, aliusikia usoni, na jambo linalomchoma zaidi ni kwamba aliona raha, jasho lilikuwa limemjaa, akafikiri, ah, afadhali, na wakati huohuo upepo uleule anaoushukuru ulikuwa unausukuma mlingoti urudi nyuma, kaskazini, uketi kwenye njia ya msumeno, taratibu, bila kelele... Mdomo, ule mkato wa kuuelekeza mti, aliukata upande wa kusini, kwenye uwanja mtupu, hapo ndipo mti ulipaswa kulala, hesabu ilikuwa nzuri, mti umesimama wima, asubuhi imetulia, ziwa limelala, Abdulmalik akamuuliza, tuufunge kamba? akajibu, kamba ya nini, huu si ng'ombe. Alisema hivyo. Mbele ya watu. Na kabari, Bwana Yesu, kabari iko mfukoni, anaisikia pajani hivi sasa, kipande cha mti mgumu alichokichonga mwenyewe, kazi yake ni moja tu duniani, kuingia nyuma ya ubapa ili mti usirudi, gonga mara mbili kisha usali rozari nzima ukitaka, usali litania ya watakatifu wote, lakini hakuigonga kwa sababu alikuwa anakaribia kumaliza, bado kidogo, na kengele haikungoja bado kidogo yake. Sasa haiingii, amejaribu, penyewe pamefumba hata ukucha haupiti.

“Vuta wewe kwa nguvu!” huyo ni muuza maandazi, na Kilian anavuta, si kwa sababu ameambiwa, anavuta kwa hasira, na mti unalia, tak, mara moja, ndani kabisa. Watu wanaendelea kuelekeza. Ile tak anaijua, sehemu ya katikati ambayo hajaikata ndiyo inayoushikilia mti mzima, na sehemu hiyo imeanza kuchoka, ikikatika wakati mwera unasukuma, mti hauendi kusini, unaenda nyuma, na nyuma pana nini, hatazami, anajua pana nini, pana jiko la Bibi Benadetha la makuti na matofali mabichi, pana chanja zake za usipa, na kando ya chanja yupo Bibi Benadetha mwenyewe, ameketi kwenye kigoda, anageuza dagaa kwa vidole na kufukuza kunguru, anafanya hivyo tangu asubuhi... si kazi yake kumtoa, kuna msimamizi, msimamizi amtoe, yeye ana mashine ya kuitoa, kila mtu na lake. Angalau injini. Nati mbili tu, ungefungua kifuniko cha pembeni, ukauacha ubapa na mnyororo ndani ya mti, ukaondoka na injini mkononi, kila fundi anajua hilo, spana ipo, lakini nati moja imelika pembe zote, imekuwa mviringo kama kete, imelika tangu wakati wa masika, na Restituta alimwambia, mume wangu, nati hiyo ukienda Mbinga inunue nyingine, akaenda Mbinga akarudi na sukari na vocha, akaenda tena akarudi na mbolea ya kahawa, nati, nati kitu kidogo, nati nitanunua wiki ijayo, na spana sasa inazunguka hewani kama kijiko kwenye kikombe kitupu.

“Nipe ruhusa, kaka,” anasema Stephano, na kwa mara ya kwanza hacheki, “nichimbe kwa shoka hapa juu ya ubapa, papanuke, uchomoe, dakika chache tu,” na Kilian analitazama shoka, linaweza kufaulu, liliwahi kufaulu Chiwanda kwenye mkangazi, lakini siku ile upepo haukuwepo, na kila pigo la shoka ni mtikisiko, na kila mtikisiko unaipunguza ile sehemu ya katikati... “Tufunge kamba sasa,” anasema Abdulmalik, “tunarusha jiwe lenye mshipi kwenye panda ile pale, tunapandisha kamba, lori lipo, linavuta kusini, kwisha,” na hilo ndilo jibu, Kilian anajua ndilo jibu, amelijua tangu mti ulipokaa, na amekuwa akilizunguka kama mtu anayezunguka mbwa aliyelala mlangoni, kwa sababu mti ukivutwa kwa lori hakuna mtu wa kusimama shinani kuchomoa chenso, na shina la mlingoti likiachia huruka nyuma, litaibeba, litaipigiza, litaikalia, basi. Na asipokuwa na chenso yeye ni nani? Alibeba matawi ya watu misimu mingapi, wewe, shika huku, wewe, sogeza hiki, hakuna aliyemwita kwa jina, kisha kahawa ikakubali, akanunua mashine, na wiki ileile akaanza kuitwa Fundi, watu walewale, mdomo uleule, hata baba mkwe wake alianza kumsogezea kiti. Ataanza tena kubeba matawi. Chini ya Stephano, pengine.

“Bibi, toka hapo!” Abdulmalik amegeukia kaskazini, anapiga makofi kama anafukuza kuku, “toka, bibi yangu, hapo si mahali!” na sauti ya bibi inakuja nyembamba, upepo unaipeleka huku na huku, “Nitoke niende wapi na usipa haujakauka? Fundi ni wewe?” “Mimi ni msimamizi!” “Basi simamia. Fundi ameshasema hauji huku,” na watu wanacheka, wanamcheka Abdulmalik sasa, na Kilian peke yake hacheki kwa sababu amesikia neno alilokuwa analikimbia, ameshasema, ndiyo, asubuhi alipita kwake, shikamoo bibi, marahaba mjukuu, huo mti wenu hautanijia? akacheka, akamwambia, hauji huko, bibi, tandaza usipa wako kwa amani, na alidhani bibi ni mkaidi, wote wanadhani ni mkaidi, mwanamke mzee na vidagaa vyake, kumbe hakai pale kwa ukaidi, amekaa pale kwa sababu aliambiwa na mtu anayeitwa Fundi. Ameketi juu ya neno lake. Na neno lilikuwa sahihi asubuhi, mashahidi wapo, upepo haukuwepo, kengele haikuwa imelia, anaweza kulitetea neno hilo mbele ya padri na mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na litakuwa limetetewa vizuri, na mti utakuwa umeanguka juu ya jiko.

“Mjukuu!” anaita bibi, ameweka kiganja juu ya macho, anamtafuta kati ya watu. “Huyu Malik ananifukuza. Wewe unasemaje?”

Tak, unasema mti. Muuza maandazi anarudi nyuma, ndoo ameisahau. Na Kilian anatazama mkono wake wa kulia, bado umeshika, vidole vimekuwa vyeupe, muda wote huu alidhani anaishikilia chenso isipotee, na chenso haiendi popote, imeshikwa kuliko alivyowahi kuishika yeye, kilichokuwa hakijashikwa ni kile kikongwe kilichoketi upande wa pili kikingoja jibu, na jibu ni jepesi, ni maneno machache, tena ya Kiswahili cha kawaida, lakini ni ya kusema mbele ya Stephano, mbele ya Abdulmalik ambaye atayasimulia Mbamba Bay mpaka pasaka, mbele ya watu ambao kesho watamwita wewe.

“Utakuja huko, bibi,” anasema, na sauti haitoshi, anarudia kwa kupaza, “Utakuja huko! Nilikwambia vibaya. Toka, uache usipa, uache kila kitu, toka sasa!” Hakuna anayecheka. Bibi Benadetha haulizi la pili, ananyanyuka, anakishika kigoda chake, anaanza kutembea, na Kilian anamwambia Abdulmalik, “Rusheni mshipi, bosi,” na Abdulmalik anaiangalia chenso, kisha anamwangalia yeye, anainama kuokota jiwe.

Kilian akaiachia chenso. Mashine ikabaki imening'inia shinani kama tawi lake lingine, na mlingoti, uliokuwa umekatwa nusu na zaidi, haukufanya lolote.