Nati Iliyotiwa Alama

Hata wiki haikuisha tangu gari la mkunga litoke gereji, likarudi. Lilikuja polepole, limewasha taa za hatari mchana kweupe, na mkunga mwenyewe alipoteremka alishikilia mlango kwanza kabla ya kuiamini miguu yake. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyepungukiwa maneno. Nusu ya watoto wa upande wa milimani walipokelewa na mikono yake. Siku hiyo hakuwa na mzaha. Alisema gari halishikiki. Kwenye lami linatangatanga kama mlevi, mara kulia mara kushoto, na yeye kazi yake ni kulirudisha tu njiani. Asubuhi ile, akiteremka mlima, tairi la mbele lilipita juu ya shimo dogo, usukani ukaanza kutetemeka, gari zima likafuata, na halikutulia mpaka alipokaribia kusimama kabisa. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amemlaza mzazi na kichanga chake.

"Lilinitetemekea mikononi kama mtoto mwenye degedege," alisema. "Na watoto wa namna hiyo nimewashika, fundi. Najua ninachosema."

Aliyekuwa akiambiwa ni Fundi Mkubwa, mwenye gereji. Pembeni yake alisimama binti yake, ambaye wateja walimwita Fundi Mdogo, ingawa alikwisha kuwa mtu mzima na alimpita baba yake kwa kimo. Hao wawili ndio walioliinua gari lile: springi ndefu zaidi, shokapu mpya, tairi kubwa, ili mkunga apite juu ya mawe ya njia ya zahanati bila kukwaruza tumbo la gari. Kazi hiyo waliizoea. Magari waliyoyainua yalikuwa mengi, na hakuna hata moja lililorudi kwa ubaya.

Fundi Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akaomba radhi, akamvutia mkunga kiti kivulini. Kisha akamwuliza, kwa upole uleule, gari limepata shida gani.

Mkunga alimtazama kidogo, akadhani fundi anataka kuhakikisha, akaeleza upya. Fundi Mdogo alikwenda kufungua boneti. Hapakuwa na haja ya kufungua boneti. Ugonjwa wa gari haukuwa huko, na yeye alijua.

Gari likiinuliwa, vitu vingi chini yake hubadilika bila mtu kuviona. Magurudumu ya mbele yanaweza kusimama wima mno yakakosa ule mlalo unaoufanya usukani urudi wenyewe katikati. Vyuma vya usukani hushuka kwa pembe mbaya. Ekseli inaweza kuhama kando. Bushi, zile raba za kwenye viungo, zilizokuwa zimechoka kimyakimya huanza kulalamika. Ndiyo maana fundi mwenye akili haanzi kwa kubahatisha. Huanza na lililo rahisi, akashuka ngazi moja moja mpaka amkute mchawi.

Fundi Mdogo alianza na upepo wa tairi. Ulikuwa umezidi, huenda kijana wa kituo cha mafuta aliujaza bila kuuliza. Alifurahi kupita kiasi kwa kosa dogo kama lile. Akaupunguza, akalitoa gari barabarani. Kutangatanga kulipungua, lakini alipoongeza mwendo na kugonga kiraka cha lami, usukani ulimchezea mikononi. Akarudi.

Akafungua magurudumu ya mbele, akayapeleka kwa jirani mwenye mashine ya balansi. Moja lilikuwa limepoteza risasi yake, kile kipande kidogo cha kusawazisha uzito. Akafurahi tena. Lakini lilipofungwa na gari kwenda barabarani, mtetemeko ulikuwa palepale, umepoa tu kidogo. Akapima mlalo wa magurudumu: sawa. Akavuta na kusukuma boljointi, vile viungo vya usukani, kwa mtaimbo: ngumu, hazina mchezo. Kila alipokuta kitu kizima, alizidi kuogopa.

Kwa maana nyuma alifunga yeye. Mbele alifunga baba.

Na kuhusu baba, kulikuwa na mambo ambayo kwa miezi alikuwa anayafunika kwa kicheko. Alimkuta akitafuta spana aliyoishika mkononi. Wakacheka wote wawili. Alimwita kwa jina la shangazi yake marehemu. Wakasema ni damu, wamefanana. Jioni moja walipofunga gereji, mzee alishika njia ya upande wa sokoni, upande wasiokaa, na binti alipomwuliza anakwenda wapi alijibu kwamba ananyoosha miguu. Binti akaongozana naye, wakainyoosha pamoja mpaka alipomgeuza polepole kuelekea nyumbani. Uzee huo, alijiambia. Nani asiyesahau?

Lakini kufunga nati si kama kukumbuka njia. Fundi Mkubwa alikuwa na sheria yake, na sheria hiyo ndiyo iliyomlea binti katika kazi. Gari literemshwe kutoka kwenye jeki, likae kwa uzito wake chini, ndipo nati za chini zikazwe mara ya mwisho kwa spana ya kipimo mpaka ilie kuonyesha imetosha. Ikishalia, unachukua brashi ndogo na rangi nyeupe, unachora mstari kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika siku ya mbele, ujue nati imelegea. Mstari ukiwa mzima, lala usingizi. Alimpiga marufuku kuchora kabla ya kukaza. "Mstari ni kiapo," alikuwa akisema, na hakuna aliyewahi kumwona akiapa uongo.

Chini ya gari la mkunga mistari yote ilikuwa mizima. Ndiyo sababu Fundi Mdogo hakuweka spana juu ya nati hata moja iliyotiwa alama na baba yake. Alizitazama, akazipita.

Jua lilikuwa limeegemea ukuta wa pili alipobaki na jambo moja tu la kujaribu. Kipimo hicho huhitaji watu wawili: mmoja akae kwenye usukani auchezeshe huku na huku, mwingine alale chini akishika kila kiungo kwa mkono, maana mkono husikia lisiloonekana kwa macho. Alimwomba baba akae juu.

"Nichezeshe kidogo au sana?" baba aliuliza.

"Kidogo kidogo tu, baba. Mpaka nikwambie."

Akajivuta chini ya gari. Usukani ulianza kwenda kushoto, kulia, kushoto, kwa utulivu wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote, na juu yake alimsikia baba akiimba kwa midomo iliyofumbwa. Alishika kiungo cha kwanza. Hakuna kitu. Cha pili. Hakuna kitu. Akapeleka mkono kwenye kile chuma kirefu kinacholala kutoka kwenye fremu ya gari hadi kwenye ekseli, ambacho kazi yake ni kuizuia ekseli isikimbie kushoto wala kulia. Akaweka vidole pale kinapofungwa.

Tak. Usukani ulipogeuka, bolti ilisogea ndani ya tundu lake. Tak, ikarudi.

Akawasha tochi. Mstari mweupe ulikuwa pale, mzima, umenyooka, umepita juu ya nati na kushuka kwenye chuma bila kukatika. Ulikuwa mwandiko wa baba. Yeye peke yake ndiye aliyemaliza mstari kwa kukunja brashi kidogo mwishoni. Nati ilikuwa ya aina inayojishika yenyewe, haizunguki ovyo hata isipokazwa, kwa hiyo ilikuwa imebaki palepale ilipoachwa. Na iliachwa bila kukazwa. Aliweka spana, ikazunguka kwa wepesi; akairudisha pale mstari ulipoungana.

Alilala pale chini, spana mkononi. Alimfikiria mkunga akiteremka mlima, na yule mzazi nyuma na kichanga chake. Usukani uliendelea kwenda kushoto, kulia, kushoto.

"Niendelee, mama?" baba aliuliza kutoka juu. Alizoea kumwita hivyo, kama baba wengi wanavyowaita mabinti zao.

Angeweza kuikaza na kunyamaza. Nusu dakika ingetosha, na pasingekuwa na mtu wa kujua. Lakini kulikuwa na magari mengine mawili yakingoja uani, na mzee alikuwa amekwisha kutoa vyombo vyake.

"Acha, baba. Njoo uone."

Mzee alilala chali kando ya binti yake, mabega yakigusana kama zamani alipokuwa akimfundisha. Akafuata mwanga wa tochi. Akachukua spana, akaizungusha nati kwa mkono wake mwenyewe, ikazunguka. Akairudisha. Akaupitisha ukucha juu ya mstari mweupe.

"Huu mkono ni wangu," alisema.

Binti alianza kusema kwamba wakati ule kulikuwa na wateja wengi, kwamba labda simu iliita, kwamba hata yeye siku moja aliwahi kusahau. Baba alimwacha aseme mpaka maneno yakamwishia.

"Nakumbuka kuchora," alisema mzee. "Kukaza sikumbuki. Nimelala hapa natafuta, na hakuna kitu." Akamgeukia binti. "Wewe ulijua?"

"Niliogopa kujua, baba."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali kipimo. Kisha akamshika binti mkono, mkono wenye grisi kwa mkono wenye grisi, akasema bila kupandisha sauti: "Nisikilize sasa, nikiwa bado mimi. Usiniache nifunge gari la mtu tena. Hata nikigomba. Hata nikikutukana. Mimi nitasahau kwamba nimesema. Wewe usisahau."

Binti akaahidi. Asingeweza kufanya lingine.

Kisha wakafanya kazi. Baba alishika tochi, binti akakagua kila nati ya mbele moja baada ya nyingine, akifuta kila mstari kwa kitambaa cha petroli, akikaza upya, akichora wake. Zilizobaki zote zilikuwa ngumu. Ni ile moja tu. Mzee hakujipa moyo kwa hilo, na binti hakujaribu kumpa. Alipolitoa gari barabarani lilinyooka kama uzi. Aligonga kiraka kile kile kwa makusudi, mara mbili, usukani ukatulia tuli mikononi. Siku nyingine yoyote angerudi akipiga honi. Siku hiyo alisimama kando ya barabara, akainamisha kichwa, akalia mpaka kioo kikaingia ukungu.

Jioni alimweleza mama yake jikoni, kwa sauti ya chini, baba akiwa anaoga. Mama hakushtuka. Aliendelea kukausha sahani moja, akaikausha, akaikausha.

"Nilidhani ni mimi peke yangu ninayeona," alisema. "Huamka akaniuliza tumehamia lini nyumba hii. Nikawa namwambia jana, baba watoto, tumehamia jana, ndiyo maana huijui. Basi anatulia."

Walikumbatiana pale, sahani katikati yao.

Asubuhi Fundi Mdogo aliwahi gereji, lakini baba alikuwa amemtangulia. Alikuwa amevaa ovaroli safi, vifungo vyote vimefungwa, na gari la mteja mwingine alikwisha kulipandisha jeki. Alikuwa mchangamfu. Aliamkiwa akaitikia, akauliza kama jana walipata kujua gari la mkunga lina nini.

Binti alisimama mlangoni. Alidhani amejiandaa, alikuwa hajajiandaa.

"Tulijua, baba. Limepona," alisema. Kisha akapiga moyo konde, akaenda akashika spana iliyokuwa mkononi mwa mzee. "Hii nipe mimi."

Mzee alicheka kwanza. Alipoona binti haachii, uso ukambadilika. Alimwuliza amepata wapi adabu hiyo. Alimwuliza ni nani aliyejenga gereji hii tofali kwa tofali, ni nani aliyemfundisha kushika spana wakati hata kalamu ilikuwa nzito kwake. Binti alisimama akapigwa na kila neno, na spana hakuiachia.

"Nani kakwambia nisiguse gari?" mzee aliuliza mwishowe, akihema.

"Wewe, baba. Jana. Ulinishika mkono, ukaniambia usisahau."

Mzee alimtazama usoni, akatafuta humo kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake gizani. Haikumjia. Binti aliona wazi kwamba haikumjia. Lakini vidole vyake vililegea vyenyewe.

"Wewe hujawahi kunidanganya," alisema. "Basi nilisema." Akaenda kukaa kwenye kiti cha wageni, magoti pamoja, kama mteja.

Mkunga alikuja kuchukua gari lake kabla ya saa sita. Alilizungusha mtaa mzima, akarudi akicheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Alimpita Fundi Mdogo, akaenda moja kwa moja kwa mzee, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia usukani umekuwa siagi, na kwamba mkono wa fundi wa zamani hauna mfano. Mzee alisimama kwa heshima. Alijibu kwamba gari likiinuliwa lazima likaguliwe tena baada ya safari chache, nati huweza kulegea, na kwamba asione haya kulileta wakati wowote. Kila alichosema kilikuwa kweli tupu. Hakuna fundi ambaye angesema vizuri zaidi. Fundi Mdogo alikuwa ameinama juu ya injini ya gari jingine, akaendelea kuinama mpaka gari la mkunga lilipokata kona.

Kesho yake mzee alikuja tena na ovaroli yake safi, vifungo vyote vimefungwa, akauliza kama walipata kujua gari la mkunga lina nini. Binti akaweka chini alichokuwa nacho, akafuta mikono, akamweleza tangu mwanzo.