Uvimbe Chini ya Sikio

Mjukuu wangu nimemlea tangu hajaota jino, maana wazazi wake wanafanya kazi mbali. Sasa ana miaka kumi na mitatu. Mimi ndiye mzaa mama; bibi yake mzaa baba ni fundi cherehani. Huja mara mbili kwa mwaka, na akija, mtoto humrukia shingoni na mimi nageuka kiti cha pale ndani.

Safari ile alimshonea sare ya shule. Akamvalisha, akarudi nyuma hatua mbili, akatoa pini mdomoni.

"Kola inakaa upande. Nimeifumua mara mbili."

"Ni macho hayo, mkwe. Tumezeeka."

"Zeeka peke yako." Akapapasa chini ya sikio la kushoto. "Kola haina kosa. Hapa pana kitu."

Nilijua pana kitu. Kila jioni nilikikanda kwa kitambaa cha moto, nikijiambia ni matubwitubwi. Hakikumuuma, nami nikajipa moyo. Lakini kuona mwingine anakivumbua mbele yangu, roho iliniuma kama niliyeibiwa.

Hospitalini tulikwenda sote watatu. Daktari mpasuaji, mama wa makamo, alisugua viganja vipate joto kabla ya kumgusa mtoto. Akamwambia atabasamu, afumbe macho kwa nguvu, ajaze mashavu pumzi.

"Ni uvimbe kwenye tezi ya mate," akasema. "Kwa watoto hatuuoni mara nyingi. Nani aliuona kwanza?"

"Bibi Fundi," mtoto akasema kwa fahari.

"Lini?"

"Wiki tatu zilizopita," Fundi akajibu.

Daktari akaacha kuandika. "Wiki tatu tu, na umefika ukubwa huu? Basi unakua haraka. Hilo silipendi."

Sitaficha. Kwa pumzi moja nilitaka kunyamaza, Fundi abaki na jibu lake bovu na mimi nibaki bibi asiye na kosa. Kisha nikamwona mtoto analamba midomo, imemkauka kwa hofu.

"Mwaka na miezi miwili," nikasema. "Ulianza kama punje ya mbaazi. Nimekuwa nikiukanda."

Mtoto akanigeukia. "Ulijua kuwa ni uvimbe? Si ulisema ni baridi tu, bibi?"

Daktari hakunigombeza. Alifuta alichoandika, akaandika upya. "Asante, bibi. Unaokua polepole unatupa moyo zaidi, ila kipimo cha sindano ndicho kitakachosema." Fundi alinivutia kiti nikae. Hata wema wake huo niliuonea wivu.

Kipimo kikasema si saratani. Uvimbe ukatolewa. Mtoto alipozinduka, pembe ya kushoto ya mdomo wake ilikuwa imelala. Daktari akatuambia mshipa wa fahamu wa uso ni mzima, umechoka tu, na utaamka baada ya wiki kadhaa akifanya mazoezi ya uso. Muuguzi akaongeza kwamba mtu mmoja tu ataruhusiwa kubaki naye wodini.

Mimi nilishavua viatu.

"Abaki Bibi Fundi," mtoto akasema kwa nusu ya mdomo. "Wewe, bibi, utaniambia naendelea vizuri hata kama siendelei."

Nikavaa viatu vyangu. Nikambusu kwenye paji la uso, nikatoka, nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Mlango ulikuwa wazi kidogo.

"Jaza mashavu," Fundi alikuwa akisema. "Ah, upande huo unavuja kama pampu mbovu! Tena!"

Mtoto akacheka. Mwaka mzima sijamchekesha hivyo.

Muuguzi alipita, akarudi na glasi ya maji, akanipa. "Bibi, huendi nyumbani kupumzika?"

"Bado, mwanangu. Nasubiri mkwe wangu achoke."

"Na asipochoka?"

"Nitasubiri vilevile." Nikasogea mwisho wa benchi kumpisha, naye akakaa kidogo.